Vile nalisha tarantula kwa nyumba bila kumuua

Kila mgeni akiingia kwangu akiona ile kontena ya plastiki juu ya kabati anauliza vitu viwili tu, "anauma?" alafu "sasa huyu hukula nini?" Shemeji yangu aliuliza kama anaweza pewa omena. Hawezi. Lakini hilo swali la chakula ndo la maana kuliko la kuuma, ju tarantula (wale buibui wakubwa wenye manyoya) wangu wa kwanza alikufa kwa sababu ya chakula, na si eti njaa, nilimpa chakula wiki ambayo hakua anataka alafu nikaenda zangu. Nitafika hapo.

Huyu niko naye saa hii tunamuita Shosho. Ni Brachypelma hamorii, wale wa Mexico wenye magoti ya rangi ya chungwa, jike, aliachwa na jirani aliyehama nchi na akaniachia pamoja na makaratasi yake yote. Jike wa aina hii anaweza fika miaka 20 na zaidi, dume anaenda mapema sana, kwa hivyo ukichukua jike jua umechukua mtu wa kukaa naye mpaka watoto wako wamalize shule. Na ni mpole, ni mzito, hana haraka. Mengi nitakayosema hapa yanaingiana na tarantula wowote wa nchi kavu lakini tabia zinatofautiana, wale wa Afrika na Asia wako na mbio na hasira na sumu kali kuliko hawa wa Amerika, kwa hivyo kama unalisha Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya machungwa ambaye anapatikana hata hapa Kenya, ile subira nasema hapa zidisha mara mbili na kile kibano chako kiwe kirefu.

Na kabla mtu aanze kuuliza kwa nini asichimbe moja tu huko ushago bure, wacha. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haibagui eti hiki ni kidudu, ukitaka kufuga lazima upitie KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, na upewe kibali. Mwaka wa 2025 kuna vijana wawili Wabelgiji walishikwa Naivasha na sisimizi kama 5,000 kwa vichupa, sisimizi jamani, na korti ikawapiga faini ya milioni moja kila mtu ama miezi 12 ndani. Brachypelma wote pia wako kwa orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ndo maana nayaweka yale makaratasi kwa faili moja na title ya shamba ya mzee. Turudi kwa chakula.

Chakula chao ni wadudu walio hai, basi. Si nyama ya butchery, si mayai, si maziwa, kuna mtu aliwahi niambia nimpe maziwa. Mimi natumia nyenje karibu kila wakati. Nairobi tuna bahati kwa hii maneno ju ufugaji wa nyenje si kitu ngeni, pale icipe Kasarani wamefanya utafiti wa wadudu tangu 1970, na hata kuna aina ya nyenje ya Kenya ambayo ilipewa jina lao mwaka wa 2018, Scapsipedus icipe. Huko Juja pia, chuo kikuu cha JKUAT wamefundisha watu kufuga nyenje wa kuliwa na binadamu. Kwa hivyo ukiuliza uliza utapata mkulima mwenye nyenje safi, wamelishwa vizuri, hawajapuliziwa kitu. Nunua mbegu mara moja alafu ufuge wako mwenyewe.

Kitu kingine utapata rahisi ni wale funza wa BSF (black soldier fly, aina ya nzi mweusi), wanauzwa kwa watu wa kuku. Wanafaa mara moja moja, lakini uliza wamekula nini kwanza ju hao hulelewa kwa takataka na kila mtu ana takataka yake. Alafu ukimwachilia funza kwa kontena anaingia chini ya udongo mara moja, unadhani ameliwa, wiki mbili baadaye unaona nzi mweusi anatembea ndani ya kioo akiwa ametulia kama mwenye nyumba. Funza wa unga ni hivo hivo, anazama. Ukiwapa, ponda kichwa kwanza, ama uweke kwa kifuniko cha soda ambacho hawezi panda akatoka.

Sasa vitu vya kukataa, na hapa naomba usome polepole.

Mende wa jikoni, hapana. Najua wako wengi na ni bure na unawachukia. Lakini mende wa ploti za Nairobi amepitia mambo. Kama si wewe umepuliza dawa ni jirani, na kama si jirani ni ile chaki imechorwa kwa mlango, na unajua yule jamaa wa spika ya "dawa ya mende, kunguni, panya" hupita kila Jumamosi. Mende anaweza kua amekula dawa asubuhi na jioni bado anakimbia, akiliwa na buibui wako sumu inaenda nayo. Na tarantula akipata sumu ya wadudu hakuna dawa yake, anaanza kutetemeka na kutembea kama mlevi na umemaliza. Dawa zinatengenezwa kuua vitu vya miguu mingi, huyo wako ana nane.

Wadudu wa nje pia mimi sigusi. Hii ilinikaa ngumu wakati wa mvua ndefu ju kumbikumbi wanakuja kwa taa ya geti ndoo nzima, wanono, wanang'aa, na unajiuliza si hii ni karamu ya Shosho. Lakini hujui wametoka kwa lawn ya nani na huyo mtu anapuliza nini. Kuna pia minyoo, na mdudu wa porini anaweza kuibeba ndani yake bila wewe kuona. Aina moja huingia kwa mdomo wa tarantula, unaona kitu cheupe kama uji kati ya meno yake, anaacha kula, na hapo hakuna kurudi. Watu wengine walishika nzige 2020 wakati wale wa jangwani waliingia nchi hii na nilisikia wakisema ni chakula cha bure, wale nzige walikua wanapuliziwa dawa na ndege! Fikiria hio.

Alafu Nairobi flai. Huyu hata sio nzi, ni aina ya mbawakavu, mwembamba mwekundu na mweusi, na maji yake ya mwili iko na sumu inaitwa pederini ndo ile inakuchoma ngozi ukimponda kwa shingo. Mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 ilileta wengi sana Nairobi, walioishi hapa wanakumbuka macho yamefura. Usiku wa mvua wanaingia kwa taa, na wanaweza ingia kwa kontena yako ya nyenje ikiwa wazi, kwa hivyo mimi nikilisha naangalia kila mdudu kwa mwanga kwanza. Panzi wenye rangi rangi pia wacha, yule wa kijani na njano na mwekundu amevaa hivo makusudi, anakula mimea yenye sumu na anaiweka mwilini, rangi ndo onyo lake. Jongoo, wacha. Mjusi wa ukutani, wacha, si lazima tarantula ale kitu chenye mifupa, na wanaosema eti anahitaji kalsiamu wanamchanganya na kinyonga. Gamba la buibui halijengwi na kalsiamu kama mifupa yetu. Jina la "buibui mla ndege" lilitokana na mchoro wa Maria Sibylla Merian mwaka wa 1705, alichora tarantula wa Suriname amekalia ndege mdogo, na tangu hapo kila mtu anataka kuona yake ikila panya. Panya anajitetea, anauma, anaacha uvundo wa wiki nzima kwa chumba. Ya nini.

Kufuga nyenje ni rahisi kuliko kufuga kuku. Ndoo kubwa ya plastiki, ile laini ndani ndo wasipande, unatoboa kifuniko na kubandika wavu wa chuma (wa plastiki wanatafuna, niamini), ndani unasimamisha trei za mayai mbili tatu zikiwa wima ndo wajifiche na kinyesi kianguke chini. Chakula chao ni chick mash kidogo kwa kifuniko, kipande cha karoti, jani la sukuma. Sukuma ya mama mboga osha kabisa kabisa, loweka, osha tena, ju dawa ya shambani ikipita kwa sukuma inapita kwa nyenje na unajua inaenda wapi. Maji weka pamba iliyoloweshwa, wakipewa maji kwa sahani wanazama wote kama wajinga. Kumbuka tarantula anakula kile nyenje amekula, nyenje amekaa siku nne bila kitu ni gamba tupu, kwa hivyo walishe vizuri siku mbili kabla. Harufu ikianza wamejaa sana, punguza. Na madume wanaimba usiku. Niliishi bedsita wakati naanza na nyenje wanne walitoroka wakaingia nyuma ya friji, majirani walifikiria ni smoke detector ya mtu iko na shida, keateka akapanda ngazi kuitafuta. Sikusema kitu.

Saizi ya mdudu: asizidi tumbo la buibui. Hio ndo sheria yangu na inatosha. Kubwa kuliko hapo anaweza pigana, na mdogo sana mkubwa hasumbuki naye. Mara ngapi? Shosho ni mtu mzima, namlisha nyenje mkubwa mmoja, wakati mwingine wawili, kila baada ya wiki mbili. Wale bado wanakua wa saizi ya kati mara moja kwa wiki. Watu wa nyumba hii wote wanafikiria namnyima. Mama yangu akikuja huangalia ile kontena akasema "huyu mtoto ana njaa." Hana. Tarantula jike mkubwa anaweza kaa miezi bila kula na asipungue, wale wa Chile, Grammostola rosea, wanajulikana kwa kugoma nusu mwaka na zaidi alafu siku moja anakula kama hakuna kitu kilifanyika.

Cha kuangalia sio kalenda, ni tumbo. Tarantula ana sehemu mbili, ile ya mbele yenye miguu na macho, alafu tumbo nyuma. Tumbo likilingana na mbele ama kuzidi kidogo, sawa. Likifika mara moja na nusu, punguza. Likianza kuburuta chini kama gunia la viazi umelisha kupita kiasi, na hapo hatari si moyo wala presha kama yetu, hatari ni kuanguka. Ngozi ya tumbo ni nyembamba na imevutwa kama puto, akipanda ukuta wa kontena akaachilia akaanguka hata kimo cha mkono, inaweza pasuka na anavuja mpaka anakufa. Kwa hivyo pia kontena isiwe ndefu juu, kutoka kwa udongo hadi kifuniko iwe kama urefu wa miguu yake ikiwa imetandazwa na nusu yake, basi. Wale wa kupanda miti ni hadithi ingine.

Jioni ya kulisha ninafanya hivi. Nangoja saa mbili usiku hivi ju wao ni watu wa usiku, nazima taa kubwa naacha ile ya korido. Nakunywa chai kwanza, si mzaha, ukiwa na haraka acha mpaka kesho. Kitu cha kwanza naangalia kupitia plastiki nione yuko wapi, usiwahi fungua kifuniko bila kujua ako wapi, wengine huwa wamening'inia kwa hicho kifuniko. Nafungua upande ulio mbali naye, polepole. Naangalia bakuli la maji. Alafu na brashi ndogo ya rangi naguza mguu wake wa nyuma kidogo tu, akisonga taratibu ni sawa, akiinua miguu ya mbele juu na kufungua meno nafunga nikaenda kulala, hajakataa chakula, amenikataa mimi. Akigeuka na kuanza kukwangua tumbo na miguu ya nyuma, anarusha manyoya ya kuwasha, funga pia.

Akiwa ametulia nachukua nyenje kwa kibano, kile kirefu cha sentimita 30 na ncha nimezifunga na mpira wa baiskeli ndo akiuma asivunje meno. Simbandiki nyenje usoni. Namwangusha mbele yake umbali wa vidole vinne na nyenje anaanza kutembea. Macho ya tarantula ni nane lakini haoni vizuri, anasikia na manyoya ya miguu. Unaona Shosho hajasonga. Nyenje anapiga hatua, anasimama, anapiga antena. Mguu mmoja wa Shosho unapanda hewani milimita chache na unabaki hapo, kama mtu amesikia jina lake kwa umati. Nyenje akisonga tena, huoni kile kinatokea, unaona tu mwisho, nyenje yuko chini ya kifua na meno mawili meusi yameingia na kuna kasauti kadogo kakavu, tk. Alafu sehemu ninayopenda. Anasimama kwa ncha za vidole akiwa na nyenje mdomoni, anaanza kuzunguka polepole, akishusha mkia na kugusa udongo, akishusha na kugusa, anatandika utando mweupe kama mtu anatandika mkeka kabla ya kukula. Mzunguko mmoja, wa pili. Ndo anakaa.

Usiguze hapo. Hatafuni kama sisi, anamwaga maji ya tumbo juu ya mdudu yanayeyusha nyama na anafyonza, inaweza chukua usiku mzima. Asubuhi utapata kaduara keusi ukubwa wa ndengu, hio ni mabaki, itoe na kibano. Ukiiacha inaota ukungu, hasa Julai, na ukungu unaleta utitiri, vidudu vyeupe vinatembea kwa viungo vyake. Na akishika kibano badala ya nyenje, usivute! Achilia mkono uwe legevu, ataachilia mwenyewe. Ukivuta unavunja jino na halirudi mpaka avue gamba tena.

Asipokula. Hapa ndo watu wanaharibu, na mimi nilikua mmoja wao.

Nilikua na kijana mmoja wa Grammostola, saizi ya kifuniko cha chupa ya maji. Alikua ameacha kula wiki mbili, tumbo limekua jeusi linang'aa, amejifungia na utando kwa kona. Mimi nikafikiria ana njaa ama amekasirika. Ijumaa nikaangusha nyenje mkubwa ndani, nikasema atakula akiamka, nikapanda matatu nikaenda ushago kwa matanga. Jumatatu jioni nikarudi. Alikua amelala chali, nusu gamba limetoka, na nyenje amekaa juu yake anakula mguu. Nyenje hula kila kitu kilicho laini, na tarantula anapovua gamba ni laini kama jibini, hawezi songa, hawezi jitetea. Alikua bado anatingisha mguu mmoja. Alikufa usiku huo.

Kwa hivyo akikataa, sikia. Dalili za kuvua gamba ni hizo, anakataa chakula, tumbo linanona na kua jeusi, kile kipara cha tumbo kwa wale wa Amerika kinabadilika kutoka rangi ya ngozi hadi nyeusi, anapunguza kutembea, anaziba shimo. Mdudu ambaye hajaliwa mtoe, mimi sipitishi saa 24, na nikiona dalili hizo sipitishi dakika 20. Ukimpata amelala chali miguu juu, hajafa!! Usimguze, usimpulizie maji, usimgeuze, funika na uende. Mtu aliyekufa ama anaye kufa kwa kiu hujikunja miguu chini ya tumbo akiwa wima, kama ngumi. Chali ni kuzaliwa upya. Andika hio kwa karatasi ubandike kwa kontena ndo dada wa kazi asimtupe, kwa nyumba yangu iko hapo na wino mwekundu.

Akimaliza usimkimbizie chakula. Meno yake yanatoka meupe kama ya mtoto, yanakua mekundu, alafu meusi, na ni mpaka yawe meusi kabisa ndo anaweza toboa kitu. Kwa wadogo siku tano hadi saba, kwa Shosho nangoja wiki mbili na hua nangoja hata ya tatu. Maji tu.

Maji, watu husahau, na nakwambia tumbo likisinyaa kama zabibu kavu mara nyingi ni kiu kabla ya njaa. Bakuli la chini, maji safi kila siku tatu. Usiweke sponji wala pamba kwa bakuli la tarantula, inaoza. Hawezi zama kwa bakuli, anaelea. Maji ya mfereji mimi nayaacha wazi usiku mmoja kwanza klorini ipungue.

Vitoto vidogo, vile vya ukubwa wa harage, ni shule ingine. Nyenje mzima kwao ni simba. Unakata paja la nyenje, ile ya nyuma yenye nyama, unaweka karibu na mlango wa shimo usiku, mara mbili kwa wiki, na asubuhi unaitoa hata kama hajagusa. Wanakula vitu vilivyokufa bila shida. Kwao maji ni tone ukutani na kifuniko kidogo. Matundu ya kontena lao yawe madogo kuliko kichwa chao, mimi huchoma msumari mwembamba kwa moto wa gesi.

Baridi ya Juni na Julai ibadilishe ratiba. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na nyumba za mawe usiku zinakua friji, mwili wake unakua polepole na chakula kinakaa tumboni. Shosho Julai nampa mara moja kwa mwezi. Usimwekee balbu ya moto juu, inamkausha, msogeze tu mbali na dirisha, kabati la juu jikoni ni joto kuliko sakafu, lakini si juu ya jiko wala pale mtu hupuliza dawa. Na siafu! Mvua ikianza siafu hufuata harufu ya mabaki, wakiingia wanammaliza ndani ya shimo lake. Kontena yangu imesimama ndani ya trei yenye maji na tone la sabuni.

Kuumwa. Brachypelma ni kama nyuki, osha na sabuni, barafu, umesahau. Wale wa huku kwetu na wa Asia wanaleta maumivu makali na misuli kukakamaa siku kadhaa, ukiona hivo ama kifua kinabana enda hospitali, usikate kidonda, usinyonye, usifunge kamba. Mimi nimepatana zaidi na manyoya, ni upupu kabisa. Usikune, bandika selotepu kwa ngozi uvute, alafu osha. Yakiingia kwa jicho usisugue, enda kwa daktari wa macho siku hio hio ju yanazama. Navaa miwani nikisafisha, na sipulizi ndani na mdomo.

Saa hii ninapoandika Shosho ameziba shimo lake na udongo na utando, siku ya kumi na tisa. Nyenje wake bado yuko kwa ndoo, amenona, anaimba kila usiku kuanzia saa nne, na keateka jana ameuliza tena kuhusu ile smoke detector.